UZI: Oksijeni unayovuta inaishia wapi? Mitokondria na ATP, bila kukariri

Fundi Seli (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Dar, na jioni natoa tuisheni Sinza. Kila mwaka tukifika kwenye upumuaji wa seli nakutana na wanafunzi wanaotaja hatua zote za mzunguko wa Krebs (zile za kuvunjavunja chakula ndani ya mitokondria) bila kukosea hata moja, lakini ukiwauliza oksijeni inafanya kazi gani mle ndani wanajibu "inachoma chakula". Oksijeni haichomi chakula. Haikutani nacho kabisa. Naomba nilieleze jambo hili taratibu hapa, kwa sababu kwangu mimi ndilo jambo zuri kuliko yote kwenye silabasi nzima, na linafundishwa kama orodha ya majina.

Tuanze hivi. Hewa ya ukaa unayoitoa puani, oksijeni iliyomo ndani yake imetoka wapi? Wengi watasema ni ileile uliyovuta. Hapana. Hiyo imetoka kwenye chakula chenyewe na kwenye maji, wakati kaboni za glukosi zinakatwa mojamoja. Oksijeni uliyoivuta inageuka maji. Kila molekuli ya oksijeni inapokea elektroni 4 na protoni 4, yanapatikana maji molekuli 2. Mtu mzima anatengeneza kiasi cha robo lita ya maji kwa siku kwa njia hiyo, hapohapo alipokaa.

Hizo elektroni zinatoka kwenye chakula. Glukosi inaanza kuvunjwa nje ya mitokondria, vile vijiumbo vya ndani ya seli vinavyoipatia nishati. Inatoa pairuveti 2, yaani nusu mbili za glukosi, na faida ya ATP 2 za harakaharaka. ATP ni molekuli yenye fosfeti tatu ambayo seli inaitumia kama sarafu ya nishati. Pairuveti zinaingia mitokondria na kuvunjwa hadi mwisho. Sasa angalieni hapa: katika kuvunjwa kote huko, ATP zinazopatikana moja kwa moja ni chache mno. Kazi kubwa inayofanyika ni kuvua elektroni na kuwapa wabebaji wawili, NADH na FADH2. Glukosi moja inatoa NADH 10 na FADH2 2. Hapo chakula kimekwisha, kaboni zote 6 zimeshatoka kama hewa ya ukaa, na bado seli haijapata nishati ya maana. Karibu yote iko kwa wabebaji.

Sasa twende kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Mitokondria ina tando mbili. Ule wa nje unapitisha vitu vidogo bila shida. Wa ndani umejikunja mikunjo mingi, na protoni haikatizi hapo isipokuwa kupitia protini maalumu. Kwenye utando huo zimepachikwa protini kubwa nne zinazoitwa kompleksi I, II, III na IV. NADH inakabidhi elektroni zake mbili kwa kompleksi I. Koenzaimu Q, molekuli ndogo yenye asili ya mafuta inayotembea ndani ya utando wenyewe, inazichukua hadi kompleksi III. Saitokromu c inazipokea na kuzifikisha kompleksi IV, na hapo ndipo oksijeni inapozisubiri. FADH2 inaingilia kompleksi II, kwa hiyo haipiti kompleksi I kabisa.

Elektroni zinaposhuka kutoka hatua moja kwenda nyingine zinaachia nishati, na nishati hiyo inatumika kusukuma protoni kutoka ndani kwenda kwenye upenyo kati ya tando mbili. Kwa elektroni mbili za NADH moja, kompleksi I inasukuma protoni 4, kompleksi III 4, kompleksi IV 2. Jumla 10. Za FADH2 zinasukuma 6 tu, maana kompleksi II haisukumi chochote. Mnaona kwamba mpaka hapa sijasema ATP imetengenezwa? Kompleksi zote nne hazitengenezi ATP hata moja. Zinajaza protoni upande mmoja, basi.

Darasani natumia mfano wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Maji yakishazuiwa na ukuta, hayawashi taa ya mtu. Lazima yapite kwenye mitambo, ipo 9, kila mmoja megawati 235. Protoni ndiyo maji yenyewe, utando wa ndani ndio ukuta, na mtambo ni protini ya tano inayoitwa ATP sinthezi. Na hii protini inazunguka kweli, si lugha ya picha. Ina pete iliyozama kwenye utando, ina mhimili, na ina kichwa chenye sehemu tatu za kutengenezea ATP. Protoni zinaporudi ndani zinaizungusha pete. Kwa binadamu pete hiyo ina vipande 8, kwa hiyo protoni 8 ni mzunguko mmoja kamili, na mzunguko mmoja unatoa ATP 3. Inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde.

Paul Boyer, Mmarekani, alionyesha kwamba nguvu ya mzunguko haitumiki sana kuunganisha fosfeti. Inatumika kuing'oa ATP iliyokwisha kuungana ili itoke kwenye kichwa. John Walker wa Uingereza akachora umbo la kichwa hicho mwaka 1994 kutokana na mitokondria za moyo wa ng'ombe, na ikaonekana sehemu zile tatu kila moja iko kwenye hatua yake. Mwaka 1997 wote wawili wakapata Nobel ya kemia. Mwaka huohuo wanasayansi wa Japani waligundisha uzi wa protini unaong'aa kwenye mhimili wa molekuli hiyo, wakatazama kwa hadubini, wakauona uzi unazunguka.

ATP yote iliyomo mwilini mwako sasa hivi haifiki nusu kilo. Lakini inavunjwa na kuundwa upya mara nyingi kiasi kwamba kwa siku unatengeneza ATP yenye uzito unaokaribia uzito wako mwenyewe. Ndiyo maana ukikosa hewa kwa dakika chache tu ubongo unaumia. Ghala la ATP halipo.

Karibuni maswali.

---

Ngosha wa Tegeta

Nimekaa siti ya mbele, mkuu, endelea kushusha nondo.

Nina swali kwenye mfano wa bwawa. Maji yana nguvu kwa sababu yako juu na mtambo uko chini, kuna kimo. Protoni hazina juu wala chini. Kinachozivuta zirudi ndani ni nini hasa?

---

Fundi Seli

Swali zuri sana, hapo ndipo mfano unapoishia.

Zinavutwa na mambo mawili. La kwanza ni wingi: nje protoni ni nyingi kuliko ndani. La pili, ambalo ndilo kubwa zaidi kwenye mitokondria, ni chaji. Protoni ina chaji chanya, kwa hiyo ukizihamishia nje, nje kunakuwa chanya na ndani kunabaki hasi. Tofauti hiyo ni kiasi cha volti 0.15 hadi 0.18. Utasema ni ndogo, betri ya rimoti ni volti 1.5. Lakini utando wenyewe unene wake ni kama nanomita 5. Gawanya volti 0.15 kwa nanomita 5, utapata volti milioni 30 kwa mita. Utando mwembamba namna hiyo unabeba nguvu ya umeme kubwa hivyo muda wote ukiwa hai, na kazi yote ya kupata ATP inategemea usivuje.

---

Mdadisi Changanyikeni

Mkuu, hili la protoni liligunduliwaje? Maana ukisoma vitabu utadhani kila mtu alikubali siku ileile.

---

Fundi Seli

Walikataa, tena kwa miaka mingi.

Miaka ya 1950 wataalamu walikuwa na hakika kwamba kuna kemikali fulani ya kati yenye nishati nyingi, inayopokea nishati kutoka kwenye elektroni na kuipitisha kwa ATP. Maabara kubwa duniani zikawa zinaitafuta. Haikuonekana. Mwaka 1961 Peter Mitchell, Mwingereza, akaandika kwamba haionekani kwa sababu haipo: kilichopo kati ya chakula na ATP ni tofauti ya protoni pande mbili za utando. Kwa wanakemia wa wakati ule hilo halikuingia akilini, kwamba utando, kitu kilichochukuliwa kama mfuko tu, uwe ndio kiungo chenyewe.

Mitchell akaacha chuo kikuu cha Edinburgh kwa sababu ya afya, akakarabati nyumba ya kale inayoitwa Glynn House huko Cornwall, akaifanya maabara. Mwenzake alikuwa Jennifer Moyle, na vipimo vingi vilivyoitetea hoja vilifanyika kwa mikono ya huyu mama. Naona anasahaulika mno.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la mwaka 1974, la Efraim Racker na Walther Stoeckenius. Walitengeneza vifuko vidogo vya mafuta ya soya. Wakapachika humo protini ya bakteria wa maji ya chumvi ambayo ikimulikwa na mwanga inasukuma protoni. Wakapachika pia ATP sinthezi ya moyo wa ng'ombe. Soya, bakteria na ng'ombe, vitu ambavyo havijawahi kuishi pamoja. Wakawasha taa, ATP ikatengenezwa. Kama kungekuwa na kemikali ya kati ingetoka wapi? Kitu pekee kilichounganisha zile protini mbili ni protoni. Mwaka 1978 Mitchell akapewa Nobel ya kemia, peke yake.

---

Rafiki Mwema

Mungu fundi aisee.

---

Binti wa Kibiti

Shikamoo mwalimu. Kwetu mtoni wazee walikuwa wanaponda majani ya utupa wanamwaga kwenye maji yaliyotulia, samaki wanaelea juu wakiwa hoi. Nilisoma mahali kwamba utupa unaziba mitokondria. Ni kweli? Na mbona watu walikuwa wanakula wale samaki na hawafi?

---

Fundi Seli

Marahaba binti. Ni kweli. Utupa una rotenoni na jamaa zake, na hizi zinaziba kompleksi I. NADH zinafika na elektroni zao, hakuna pa kuziweka. Protoni hazisukumwi za kutosha, ATP inashuka, samaki analegea huku maji yana oksijeni tele. Maabara bado hutumia rotenoni kwa uchunguzi: ukiziba kompleksi I halafu ukaipa mitokondria saksineti, kemikali mojawapo ya mzunguko wa Krebs, inaendelea kuvuta oksijeni, kwa sababu saksineti inaingilia kompleksi II na kulikwepa zibo.

Kuhusu walaji: samaki anapitisha maji kwenye mashavu muda wote, sumu inaingia moja kwa moja kwenye damu. Sisi tunaila kwa tumbo, ambako rotenoni hufyonzwa kidogo, na ini linaivunja nyingi kabla haijasambaa. Kupika nako kunaipunguza. Lakini isichukuliwe kuwa haina madhara kwa binadamu. Panya waliopewa rotenoni kidogokidogo kwa muda mrefu walipata dalili zinazofanana na za ugonjwa wa Parkinson. Na kuvua kwa sumu ni kosa kisheria nchini, kwa sababu inaua vifaranga na kila kitu kwenye ule mto.

---

Pwani Mchangani

Mkuu umeshaingia kwenye sumu, basi malizia na muhogo. Wikiendi nakula mihogo ya kukaanga Coco na pilipili yake, halafu nasikia muhogo una sayanidi. Nijue kama niache.

---

Fundi Seli

Usiache. Mihogo ya Coco ni mihogo mitamu, sumu yake ni kidogo na sehemu kubwa iko kwenye ganda. Imemenywa, imepikwa, kula.

Kwenye muhogo mchungu ndiko kwenye hatari, na hili nitalisema kwa urefu kidogo kwa sababu ni la kwetu kabisa. Muhogo mchungu una linamarini. Ukiukwangua au kuuponda, linamarini inakutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo, inavunjika, sayanidi inatoka. Ukiloweka siku kadhaa au ukaukausha vizuri, sayanidi inaondoka na maji au inapaa hewani. Bibi zetu walilijua hili kwa vitendo. Tatizo linakuja mwaka wa njaa, watu hawana subira ya kungoja, unga unahitajika leo.

Sayanidi inakwenda kompleksi IV, inakaa palepale oksijeni inapotakiwa kushika. Kuanzia hapo foleni yote nyuma inasimama: saitokromu c zimejaa elektroni, kompleksi III imejaa, I imejaa. Mapafu yanaleta oksijeni, damu inaibeba, seli inashindwa kuitumia. Damu ya mishipa inayorudi moyoni inabaki nyekundu ya kung'aa, kwa sababu oksijeni iliyokwenda ndiyo inayorudi.

Masasi mwaka 1988 watu walidhurika kwa namna hiyo baada ya kula muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha, na madaktari wa Tanzania walishiriki kuuchunguza mkasa huo na kuuandika. Kabla ya hapo, mwaka 1985, wilaya ya Tarime ilipata mlipuko wa konzo wakati wa ukame. Konzo inakakamaza miguu ya mtu, hasa watoto na akina mama, ndani ya muda mfupi sana, na hairudi nyuma. Jinsi konzo inavyoharibu neva ni habari ndefu kuliko kompleksi IV peke yake, lakini chanzo ni muhogo mchungu usioandaliwa ukiliwa mfululizo pamoja na uhaba wa protini. Uhaba wa protini unaingiaje? Mwili unaibadilisha sayanidi kuwa thayosayaneti isiyo na ukali ule, na kwa kazi hiyo unahitaji salfa, ambayo tunaipata kwenye protini: dagaa, maharage, nyama. Aliyekosa kitoweo ndiye anayeumia zaidi na muhogo uleule.

Na tukiwa hapohapo kompleksi IV: hewa ya sumu ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, kaboni monoksidi. Kazi yake kubwa ni kunyakua himoglobini, lakini inashika na kompleksi IV pia. Masika hii tusiingize jiko chumbani tukafunga dirisha, jamani. Haina harufu, na mtu anapitiwa na usingizi kabla hajajua kinachomtokea.

---

Nesi wa Temeke

Naongezea kitu kwa faida ya wengi. Sisi wa kitengo cha kifua kikuu tunaitumia sayansi hiihii kila siku. Kuna dawa ya TB sugu inaitwa bedakwilini, Marekani waliipitisha mwaka 2012 na kwetu ipo. Inashika ile pete ya ATP sinthezi ya bakteria wa TB, pete haizunguki. Bakteria anakosa ATP. Zamani hawa wagonjwa walichomwa sindano kwa miezi, wengine wakapoteza usikivu. Sasa ni vidonge.

---

Fundi Seli

Asante sana nesi. Wanafunzi mnaopita hapa, someni hilo mara mbili. Bakteria hana mitokondria, utando wake wenyewe ndio unafanya kazi hiyo, na ATP sinthezi yake inatofautiana na yetu vya kutosha dawa kuchagua. Kufanana kwa mitambo hii si bahati: mitokondria zenyewe zilitokana na bakteria aliyeingia kwenye seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Bado zina DNA yake, herufi 16,569 tu kwa binadamu, jeni 37, na tunairithi kwa mama.

---

Mama Shani

Mwalimu nimekuwa nikisoma kimya, ila hapo kwenye DNA ya mitokondria nimeshtuka. Dada yangu alianza ARV zile za mwanzo. Virusi vilishuka vizuri, lakini baada ya muda mashavu yakabonyea, mikono ikakauka mafuta, na nyayo zilikuwa zinawaka moto usiku mpaka anaweka miguu kwenye beseni la maji. Watu mtaani wakasema dawa hazifanyi kazi, anakwisha. Aliumia sana na hayo maneno kuliko miguu. Hospitali aliyokuwa anakwenda hakuna aliyemweleza. Baadaye walimbadilishia, akapata nafuu, ingawa ganzi kidogo imebaki. Je, ni mitokondria?

---

Fundi Seli

Mama Shani, pole, na mpe dada yako salaam zangu. Uwezekano mkubwa ni huo, kama alikuwa kwenye stavudini, na wengi walioanza dawa za bure miaka ile ya 2004 na kuendelea walipewa hiyo.

Stavudini inakidanganya kimeng'enya cha virusi kinachonakili DNA. Inajifanya herufi halali, ikishaingizwa mnyororo unakatika. Bahati mbaya ndani ya mitokondria kuna kimeng'enya kinachonakili DNA yake, kinaitwa polimerezi gama, nacho kinadanganyika. Nakala za DNA ya mitokondria zinapungua. Ile DNA ina maelekezo ya protini 13, na zote 13 ni vipande vya kompleksi I, III, IV na ATP sinthezi. Kwa hiyo pole pole mnyororo wote unadhoofika. Seli za mafuta za mashavuni zinakufa. Neva ndefu kuliko zote, zinazofika nyayoni, zinaanza kuumia kwa sababu zinahitaji ATP umbali wote ule. Ndiyo ule moto wa usiku.

Dawa zilikuwa zinafanya kazi. Virusi vilikuwa vinashuka, na ziliokoa maisha ya watu wengi sana wakati hakukuwa na nyingine ya bei ile. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziachane nayo, na tenofoviri inayotumika sasa haikisumbui kile kimeng'enya kwa kiasi kile. Dada yako hakuwa "anakwisha", na waliosema hivyo walimkosea. Ile ganzi aitaje kliniki kila anapokwenda, asiizoee.

---

Mama Shani

Asante mwalimu. Nitamsomea haya maneno.

---

Mkimbiaji wa Daraja la Tanzanite

Habari wakuu. Mimi ni wa jogging asubuhi. Kocha anasema mazoezi yanaongeza mitokondria. Sayansi au maneno ya kutia moyo?

---

Fundi Seli

Sayansi. John Holloszy wa Marekani alionyesha mwaka 1967 kwamba panya waliokimbizwa kwa wiki nyingi walipata karibu maradufu ya uwezo wa mitokondria kwenye misuli yao. Kwa binadamu ni hivyohivyo, kwa mbio ndefu za kasi ya wastani na kwa zile za vipindi vikali pia. Ukiacha zinapungua, kwa hiyo usiache.

Mwili unaanza kutoa asidi ya laktiki nyingi pale kasi inapozidi uwezo wa mitokondria kupokea pairuveti na NADH. Mwenye mitokondria nyingi anafika hapo akiwa kwenye kasi kubwa zaidi. Na maumivu ya misuli siku ya pili hayatokani na asidi hiyo, hiyo inaondoka ndani ya saa moja hivi.

Nikikumbuka mbio namkumbuka Filbert Bayi, Christchurch 1974, mita 1500: dakika 3 sekunde 32.16, rekodi ya dunia, akiongoza tangu mlio wa bastola. Wa pili alikuwa John Walker wa New Zealand. Jina moja na yule wa Nobel, watu wawili tofauti. Wanafunzi wangu hulishika jina la mwanasayansi kwa njia hiyo.

---

Mtoto wa Kariakoo

Boss, kuna vidonge vinauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp vya kupunguza unene, vimeandikwa DNP. Muuzaji anasema "vinaamsha mitokondria, unachoma mafuta umelala". Dada mmoja ofisini kashaagiza.

---

Fundi Seli

Mpigie simu sasa hivi, usingoje kesho ofisini. Asiguse.

DNP ni dinitrofenoli. Inaingia kwenye utando wa ndani, inabeba protoni na kuzirudisha ndani bila kupitia ATP sinthezi. Ukuta unavuja. Kompleksi zinasukuma kwa nguvu zote kufidia, mafuta yanaungua kweli, oksijeni inavutwa kweli, na nishati yote inatoka kama joto. Huko Marekani ilianza kutumika kwa unene mwaka 1933, watu wakapungua, wengine wakapata mtoto wa jicho, wengine wakafa, na mwaka 1938 serikali yao ikatangaza haifai kutumiwa na binadamu. Kiwango kinachopunguza unene na kinachoua viko karibu mno. Joto la mwili linapanda mpaka linaua, panadoli haisaidii kwa sababu hii si homa, na dawa ya kuizima haipo. Fikirieni hilo kwenye mwezi wa Februari hapa Dar.

Mwili una njia yake halali ya kuvujisha protoni. Mtoto mchanga ana mafuta ya kahawia mgongoni na shingoni, yenye protini ya kupitisha protoni kwa kipimo, ili apate joto kabla hajajua kutetemeka. Hiyo inafunguliwa na kufungwa na mwili wenyewe. DNP haina wa kuifunga.

---

Mtoto wa Kariakoo

Nimempigia. Kasema anairudisha, na kama hawapokei anaitupa. Nimemtumia huu uzi.

---

Sista PCB

Shikamoo mwalimu. Niko form six, mtihani unakaribia. Kitabu kimoja kinasema glukosi inatoa ATP 38, kingine 36, kingine 32, kingine 30. Nijaze ipi?

---

Fundi Seli

Marahaba. Zote zinatoka kwenye hesabu, tofauti ni kadirio lililotumika. Vitabu vya zamani vilichukua NADH moja ni ATP 3 na FADH2 ni 2. Piga: 10 × 3, jumlisha 2 × 2, jumlisha 4 za moja kwa moja, unapata 38.

Sasa rudi kwenye protoni. NADH inasukuma 10. Kutengeneza ATP moja kunahitaji protoni kama 3 za kuzungusha pete, na moja ya kuingizia fosfeti. Tuseme 4. Kumi kwa nne ni 2.5. Za FADH2 ni 6 kwa 4, yaani 1.5. Kwa hiyo 10 × 2.5 + 2 × 1.5 + 4 = 32. Na NADH 2 zilizotengenezwa nje ya mitokondria haziwezi kuvuka utando wa ndani. Elektroni zake zikipitishwa kwa njia inayoingilia kwenye koenzaimu Q, kila moja inahesabiwa 1.5, inabaki 30. Tofauti hiyohiyo ndiyo iliyozaa 36 za zamani.

Kwenye mtihani andika 32 au 30 na onyesha hesabu. Kama swali limekupa kadirio la 3 na 2, tumia walichokupa. Vipimo vya karibuni vya pete ya vipande 8 vinaleta protoni 3.7 badala ya 4, lakini hiyo ni ya chuo.

Nakupa zoezi: asidi ya palmitiki, kaboni 16, mafuta ya mawese yamejaa hiyo. Inakatwa kaboni mbilimbili. ATP ngapi?

---

Sista PCB

Nimejaribu mwalimu. Inakatwa mara 7, zinatoka asetili-CoA 8. Kila mkato NADH 1 na FADH2 1: 7 × 2.5 = 17.5, na 7 × 1.5 = 10.5. Kila asetili-CoA kwenye mzunguko wa Krebs ni NADH 3, FADH2 1 na GTP 1 (naihesabu kama ATP), yaani 10, mara 8 ni 80. Jumla 108. Nimetoa 2 za kuiamsha mwanzoni. 106?

---

Fundi Seli

106. Sahihi kabisa. Hizo 2 za mwanzo wengi huzisahau.